Shajara ya madawati 30: mashine, umeme na vidole vyetu

Juni 2

Oda imeiva. Madawati 30 ya watoto watatu watatu, fremu za skwea paipu, viti na meza za mbao za paina, na juu ya hayo meza moja ya ofisi ya mwalimu mkuu. Shule zikifunguliwa Julai yawe yameshaingia madarasani. Tuko watatu: mimi, mpwa wangu ambaye nitamwita dogo kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na kila mtu hapa Kihesa, na kijana wa VETA, chuo cha ufundi, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Baba mdogo simhesabu. Yeye huja saa nne, jua la Iringa likishapata nguvu, akavuta kigoda mlangoni na kuanza kukosoa.

Naandika safari hii kwa sababu ya jambo la mwaka jana, kwenye oda ya vitanda. Kijana niliyekuwa naye alichanwa kiganja na jigsoo. Nilipouliza ilikuwaje nilipata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, na mmoja wao nilikuwa mimi. Sasa jambo likitokea litaandikwa siku hiyohiyo, kabla halijaanza kupambwa.

Kabla ya ubao wa kwanza nimetandaza turubai, nikapanga mashine zote, nikazikagua kama mtu anayechagua mitumba. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu: waya umefungwa selotepu sehemu mbili. Grainda kubwa ya inchi tisa: nzima, ila kinga ya diski haipo na hakuna anayekumbuka ilitolewa lini. Msumeno wa duara wa mkono: kinga yake ya chini, ile inayojirudisha yenyewe, imefungwa kwa kipande cha waya ibaki wazi. Drili: ikizunguka, cheche zinajaa kwenye matundu kama jiko la mkaa linalopepewa, maana yake kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota, zimekwisha. Randa ya umeme iko safi. Msumeno wa meza, ule niliouunda mwenyewe kwa mota ya zamani, nitauandikia siku yake.

Ekstensheni haina plagi kabisa. Ni nyaya mbili zilizomenywa ncha, na ndani ya soketi njiti za kiberiti za kuzikaza. Aliyezichomeka ni mimi, Machi, siku niliyokuwa na haraka.

Ile selotepu ya grainda nimeibandua. Chini ya ya kwanza palikuwa na mkwaruzo tu. Chini ya ya pili shaba ilikuwa wazi, inang'aa kama jino la dhahabu, sentimita tano tu kutoka pale mkono unaposhika. Waya wote nimeung'oa na kuukatakata vipande vifupi, maana namjua dogo: angeuokota akaungia redio.

Juni 4

Fundi umeme amekuja. Nilimtaka mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia mambo ya umeme, na nikaiona kwa macho, kwa sababu aliyenifungia umeme mwanzo alikuwa jamaa mzuri sana ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza simu.

Swali lake la kwanza: "Ethi yenu iko wapi?" Yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Nikamwonyesha tundu la juu kwenye soketi. Akacheka. Tundu lipo, waya nyuma yake haupo. Soketi zetu za matundu matatu zilikuwa za matundu mawili na pambo moja.

Amepigilia fimbo ya shaba nyuma ya karakana, chini ya mchirizi wa bati, pale udongo unapokaa na unyevu muda mrefu, maana udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Kisha kwenye boksi la sakiti breka ameongeza swichi ya kukata umeme unaovuja, ya milliampea 30. Hii nimemwomba anieleze mara mbili ili niweze kuwaeleza vijana. Inapima umeme unaokwenda kwenye mashine na unaorudi. Vikilingana, inanyamaza. Kukipungua kiasi cha milliampea 30 kwenye kurudi, inajua kuna unaopita njia nyingine, labda kwenye mwili wa mtu kwenda ardhini, na inakata kabla nusu sekunde haijatimia.

Nikamuuliza, kwani fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi haifanyi hiyo kazi? Akachukua kalamu. Grainda kubwa ya wati 2,000 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 9. Milliampea 30 ni moja ya mia tatu ya hizo. "Fyuzi inalinda waya usiungue," akasema. "Wewe haikuoni. Unaweza kufa nayo ikiwa nzima kabisa."

Akaongeza kitu ambacho vijana hawakukipenda: hata swichi hii haikuoni ukishika laivu, waya unaoleta umeme, kwa mkono mmoja na nyutro, waya unaourudisha, kwa mwingine, kwa sababu hapo umeme unakwenda na kurudi sawasawa, umepitia kifuani kwako tu. Na ina kitufe chenye herufi T. Kibonyezwe kila mwezi. Isipokata, haifanyi kazi, ibadilishwe.

Jioni tumewasha kila mashine moja moja. Drili sawa. Randa sawa. Grainda zote mbili sawa. Msumeno wa meza, paap, karakana nzima giza. Tena, paap. Dogo akasema swichi mpya ni mbovu. Nami, nakiri, niliwaza hivyohivyo.

Juni 5

Swichi si mbovu. Mbovu ni meza.

Miaka miwili sasa ile meza "inatekenya". Ndivyo tulivyosema. Ukiigusa chuma chake asubuhi ya mvua, vidole vinahisi kama vimepitishwa kwenye manyoya ya paka. Tulikuwa na dawa: vaa ndala, usiiguse kwa mkono uliolowa. Wateja wakija tuliwaambia kwa utani, "Usiiguse, inatekenya," na watu wakacheka.

Leo nimefungua kikopo cha nyaya pembeni ya mota. Ndani kumejaa unga wa mbao, umeshindiliwa kama ugali wa jana, na una unyevu. Kutoka kwenye nati ya laivu hadi ukutani mwa kikopo kulikuwa na mchirizi mweusi, umeungua, mwembamba kama mstari wa kalamu. Umeme ulikuwa unapita humo kidogo kidogo, unaingia kwenye chuma cha meza, na kwa kuwa ethi haikuwepo, ulikuwa unangoja mtu wa kuusindikiza ardhini. Mtu huyo alikuwa yeyote kati yetu aliyevaa ndala zilizochakaa.

Nimesafisha, nimebadilisha kibao cha nati, nimeweka mpira mahali waya unapoingilia ili chuma kisiuchubue, na nimefunga mfuniko na gasketi niliyokata kwenye tyubu ya baiskeli. Nikawasha. Mwanga umebaki.

Neno "inatekenya" nimelipiga marufuku hapa. Mashine ikifanya hivyo, inachomolewa na inaandikwa.

Juni 6

Ekstensheni mpya. Dukani waliniuzia kwa sura: ganda la chungwa, gurudumu zuri, mita 30. Nimeirudisha. Waya wake ulikuwa wa milimita za mraba 0.75, na grainda kubwa ikivuta ampea 9 humo, wati zaidi ya 100 zinaishia kuupasha waya joto. Ni balbu ya zamani ya wati 100 imefungiwa ndani ya gurudumu lisilopitisha hewa. Nimenunua waya wa nyuzi tatu wa milimita 2.5 kwa mita, nikaunganisha mwenyewe na plagi na soketi za nje. Una uzito, dogo analalamika. Joto lake ni chini ya theluthi ya ule. Na kanuni: unakunjuliwa wote hata kama unahitaji mita tano tu.

Baba mdogo ameniona nasukuma kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya miguu miwili ya randa iingie. Hakusema kitu, alitikisa kichwa tu. Nimekata plagi ile, nimefunga ya miguu mitatu. Randa yenyewe haina waya wa ethi na haiuhitaji. Ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani imezibwa mara mbili. Lakini plagi ya miguu mitatu inakaa imara, haichezi, haitoi cheche.

Juni 9

Kukata. Hatimaye.

Paina zimeletwa kutoka Sao Hill na bado ni mbichi kuliko nilivyoahidiwa. Ukibonyeza kucha, maji yanatoka. Mbao mbichi ina tabia ya kujifunga: unaichana, nyuma ya msumeno pande mbili zinarudiana na kuubana. Msumeno wangu wa mkono una bledi ya milimita 185 na mizunguko 5,000 kwa dakika. Nimempigia hesabu kijana wa VETA kwenye kipande cha ubao: meno yanakwenda mita 48 kwa sekunde, yaani kilomita 174 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa basi la mkoani. Kitu cha mwendo huo kikibanwa hakisimami. Kinapanda juu ya ubao na kukurudia wewe.

Kimeturudia saa tano. Dogo alikuwa anachana, ubao umelazwa juu ya magogo mawili, moja huku na moja kule, katikati hamna kitu. Alipofika kati ubao ukalegea kama kitanda cha kamba, mfereji uliokatwa na bledi ukafunga, msumeno ukaruka nyuma kama nusu mita. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye vishikio na mwili wake ulikuwa pembeni ya mstari. Kinga ya chini, ambayo nilikata ule waya wake wiki iliyopita, ilijirudisha, "klak," kabla msumeno haujagusa paja. Suruali ina alama ya grisi tu.

Alikaa chini kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, ungekuwa na ule waya?" Nikamwambia anywe chai.

Mchana tumebadilisha: magogo manne, mawili kila upande wa mahali panapokatwa, na kabari ndogo inayogongwa kwenye mfereji kila baada ya mita. Na kina: bledi ichungulie chini ya ubao kwa urefu wa jino moja, si zaidi. Tulikuwa tunaiachia yote, na kinachoning'inia chini ndicho kinachotafuta mguu.

Juni 11

Nimeunda ulimi wa msumeno wa meza. Unakaa nyuma ya bledi, karibu kabisa, unazuia mbao kujifunga na kurushwa kwa mtu. Unene wake ni hesabu: bledi yangu mwili ni milimita 1.8, mfereji inaoacha ni milimita 2.8, kwa hiyo ulimi ni bati la milimita 2. Mwembamba kuliko mwili haufai, mnene kuliko mfereji mbao haipiti. Kutwa nzima nimetumia kwa kipande cha bati kinachoingia mfukoni.

Pia vijiti viwili vya kusukumia, vya mkaratusi, vyenye kinywa mbele. Mkono usifike kwenye bledi karibu zaidi ya shibiri moja. Ukikaribia, kijiti kinachukua kazi.

Baba mdogo ameangalia yote haya na kusema kwamba enzi zake mtu alikuwa na msumeno wa mkono, randa na tezo, na vidole kumi. Nikamwambia, "Shikamoo, Baba mdogo, naomba kuuona mkono wa kushoto." Akauficha ndani ya koti. Ncha ya kidole cha shahada haipo. Tezo iliichukua kabla sijazaliwa.

Juni 13

Chuma. Paipu zimefika, tumeanza kukata kwa grainda ndogo. Kinga iko mahali pake, imegeuzwa ili cheche zielekee sakafuni. Paipu imebanwa kwenye jiliwa, kwa sababu jana nilimwona kijana wa VETA ameikanyaga kwa kiatu na anaikata sentimita ishirini kutoka kwenye vidole vya mguu.

Jirani yangu, fundi mzuri wa mageti, akaja kuazima spana ya grainda. "Bosi, yangu imepotea, dakika mbili tu." Mkononi ana grainda ndogo kama yangu, kinga hamna, na diski ya inchi tisa.

Nikamwambia sitampa, na nikamwambia kwa nini, na hakufurahi. "Kaka, miaka saba nakata hivi." Nikachukua diski yake, nikamwonyesha maandishi: mizunguko isizidi 6,600. Nikageuza grainda yake: 11,000. Ile diski imetengenezwa kuvumilia mita 80 kwa sekunde ukingoni. Kwenye mashine ile inakwenda mita 132. Hiyo ni gundi na mchanga vilivyoshikwa na wavu, na yeye ameinama juu yake bila kinga. Kisha kwenye kile kiduara cha chuma katikati nikamsomea tarehe. Diski hizi zina mwisho wa matumizi kama maziwa, na ya kwake ilikuwa imepita.

Aliondoka nayo. Baada ya saa moja nikaisikia inalia upande wa pili wa ukuta. Sauti yake ni tofauti, ya juu zaidi. Nimeshindwa kuizoea.

Jioni ameleta grainda akaomba tumtafutie kinga. Hatukuipata ya kipimo chake. Diski ndogo nimempa tatu.

Juni 14

Hili naliandika saa kumi na moja jioni, mikono bado haijatulia vizuri.

Saa saba na nusu nilikuwa nasafisha ncha za paipu kwa grainda ndogo. Swichi yake ni ya kusukuma mbele na kubonyeza, inajifunga yenyewe ili kidole kisichoke. Katikati ya kazi ikazima. Redio ikazima. Nikatazama mita: uniti sifuri. LUKU imeisha.

Nikaiweka grainda mezani. Nikatoa simu, nikanunua umeme, nikamsomea dogo namba zote 20 naye akiziingiza kwenye mita ukutani nje. Kijana wa VETA alikuwa ndani anafagia. Alipofika mezani akainama kuokota kipande cha paipu.

Namba ya ishirini, dogo akabonyeza, umeme ukarudi.

Grainda ikawaka peke yake. Ilikuwa imelala kwa ubavu na diski iligusa meza. Ikajisukuma kama mjusi, ikazunguka, ikaukamata waya wake yenyewe, ikaukata, cheche moja kubwa, na boksi likakata umeme. Yote hayo ni muda wa kutamka sentensi hii. Ilisimama kwenye ukingo wa meza, diski bado inazunguka kwa mazoea, juu kidogo ya mahali kichwa cha yule kijana kilipokuwa alipoinama. Yeye alikuwa amekwisha kaa sakafuni, fagio mkononi, macho yamemtoka.

Hakuna aliyeumia. Mtoto wa watu alikuja kujifunza kazi, na mimi nimeiacha swichi ikiwa imefungwa kwenye kuwaka. Si dogo, si mita. Ningekuwa naandika hii baada ya siku tatu ningeandika "swichi ilikuwa imejifunga". Haikujifunga. Niliifunga, na sikuifungua.

Juni 15

Hakuna aliyefanya kazi hadi saa nne. Tumekaa na Baba mdogo mlangoni, tukaongea. Yeye, asiyeamini mashine, ndiye aliyesema la maana: "Ng'ombe akilala, humwachi na kamba shingoni bila kuifunga. Mnaiachaje hii?"

Tumekubaliana mambo mawili tu, kwa sababu mambo kumi hayakumbukwi. Umeme ukikatika kwa sababu yoyote, kila mtu anachomoa plagi ya mashine iliyo mkononi mwake kabla ya kufanya kitu kingine, hata kabla ya kulalamika. Na ukibadilisha diski, bledi au keekee ya drili, plagi iwe juu ya meza mbele yako, unaiona. Sio "nimezima". Sio "nimemwambia dogo asiwashe". Plagi mezani.

Msumeno wa meza hauna plagi ya karibu, kwa hiyo nimeununulia starta yenye vitufe viwili, kijani na chekundu. Ndani kuna sumaku inayoshikilia umeme. Umeme ukikatika sumaku inaachia, na ukirudi mashine inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze kijani. Ilitakiwa iwepo tangu niliunda meza. Chekundu nimekiweka chini, usawa wa goti, ili mikono ikiwa na mbao kizimwe kwa goti.

Grainda yenye waya uliokatwa nimeitundika ukutani juu ya boksi la umeme. Grainda ndogo nyingine niliyonunua ina swichi ya kushikilia: ukiachia, inazima. Kidole kinachoka. Sawa, kichoke.

Juni 18

Fremu 19 zimekwisha. Saa mbili usiku mke wangu akaniuliza nani anachoma taka. Hakuna aliyekuwa anachoma. Harufu ilitoka karakana.

Kwenye kona, lundo la unga wa mbao na maranda lilikuwa linatoa moshi mwembamba bila moto. Nilipolichokoa kwa koleo, ndani kulikuwa kwekundu, ukubwa wa sufuria. Tulimaliza kukata chuma saa kumi. Cheche moja iliruka mita nne, ikazama humo, ikakaa saa nne ikijilia polepole.

Nimezima umeme kwenye meni swichi kwanza, ndipo nikamwaga maji.

Kuanzia kesho chuma kinakatwa nje, chini ya turubai, na mbao ndani. Unga unazolewa kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kufunga. Mchanga kwenye ndoo mbili mlangoni.

Juni 20

Baridi. Nyuzi tisa alfajiri, kila mtu na sweta. Kijana wa VETA amekuja na skafu ndefu aliyofumiwa na mama yake, nzuri sana. Nikamwomba aivue mbele ya drili; hakuelewa hadi nilipochukua kipande cha uzi wa sufi, nikaigusisha keekee inayozunguka. Ulipotelea kwenye chaki, kile kinywa cha drili kinachoshika keekee, kabla hajapepesa. Mikono ya sweta inakunjwa juu ya kiwiko au inavuliwa. Glovu vilevile: za kubebea paipu ndiyo, za kuchomelea ndiyo, mbele ya drili hapana.

Dogo akauliza kama na pete yake inahusika. Inahusika.

Juni 24

Meza ya mwalimu mkuu. Shule imetoa boriti ya zamani ya mvule kutoka kwenye darasa lililobomolewa, ngumu, ya rangi ya asali iliyokaa. Kuitupa ingekuwa dhambi.

Boriti za zamani zina misumari, hilo kila fundi anajua, na tumeitafuta kwa sumaku, tukatoa kumi na mmoja. Ambacho sumaku haikioni ni jiwe. Mvule hutengeneza mawe ya chokaa ndani yake, magumu kama sakafu, na kwa nje huoni kitu ila pengine mbao imekuwa nyeusi kidogo kuzunguka mahali pale.

Niliona ule weusi. Nikaupuuza, nikachana. "Tak." Jino moja la bledi likatoka. Sikuliona likipita, nilisikia tu mguso kwenye miwani, jicho la kulia. Kioo kina kovu sasa, lenye ukubwa wa punje ya ulezi, usawa wa mboni kabisa. Ile miwani nilikuwa nimeivaa kwa sababu vijana walikuwa wananiangalia. Ningekuwa peke yangu sina hakika.

Vumbi la mvule nalo. Sote watatu tumepiga chafya hadi jioni, na dogo ametoka vipele mikononi. Barakoa za kitambaa hazitoshi kwa unga laini hivi. Nimenunua zile ngumu zinazobana puani. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwamba linasababisha saratani ya pua. Nilimtajia Baba mdogo. Akauliza na ugoro wake uko kwenye orodha? Uko.

Juni 27

Masikio. Kijana wa VETA amekuja na hesabu kutoka kwenye daftari lake la chuo, na ni nzuri: desibeli 85 unaweza kuvumilia saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100, ambazo msumeno wa umeme unazifikia bila shida, zinabaki dakika 15 kwa siku. Sisi tumekuwa tukifanya saa tano. Hii inaeleza kwa nini mke wangu anasema napiga kelele nikiongea na simu.

Vizibo vya masikio viko kwenye kopo la kahawa mlangoni. Dogo anasahau. Namrushia.

Madawati 26 yamepigwa vanishi.

Julai 1

Lori limefika saa tatu. Madawati 30 na meza ya mvule iliyofunikwa blanketi. Tulipakia kwa mikono, hakuna mashine, na ndipo dogo alipojibana kidole kati ya dawati na ubavu wa lori, kucha ikawa nyeusi. Jeraha pekee la mwezi mzima. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Kijana wa VETA ameomba abaki hadi mwisho wa mwezi. Nimekubali. Kabla ya kufunga alikwenda kwenye boksi akabonyeza kitufe cha T bila kuambiwa, giza likaingia, na dogo, aliyekuwa anapiga msasa pembe ya kigoda cha Baba mdogo, akachomoa plagi kwanza ndipo akaanza kumtukana.

Yaliyobaki: kaboni za drili zimeagizwa Dar, hazijafika. Kinga ya grainda kubwa sijaipata, kwa hiyo grainda kubwa bado imefungiwa kabatini na ufunguo ninao. Karakana haijasajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na nimechelewa. Fomu najaza wiki hii. Jumatatu kuna mteja anakuja kupima makabati ya jiko, na ameshaniambia anataka mninga.